Shule Ndogo ya Mji au Shule Kubwa ya Muungano? Walimu na Masomo katika Sekondari za Miji Midogo ya Marekani, 1945–1965

Mwishoni mwa miaka ya 1950 wazazi wengi wa miji midogo ya Iowa, Kansas, Nebraska na Indiana waliitwa kwenye ukumbi wa michezo wa shule, wakaketi kwenye mabenchi ya mbao karibu na magoli ya mpira wa kikapu, wakaulizwa swali moja: je, mji uendelee na sekondari yake yenye wanafunzi mia moja na ushei, au uifunge na kuungana na miji mitatu minne ya jirani ili kujenga shule moja kubwa katikati ya mashamba? Katika mwaka wa masomo wa 1939/40 Marekani ilikuwa na wilaya za shule, yaani maeneo yenye bodi zao za kuendesha shule, zipatazo 117,000. Kufikia 1959/60 zilikuwa zimebaki takriban 40,500. Nyingi kati ya zilizotoweka zilikuwa na shule ya msingi ya chumba kimoja tu, lakini wimbi hilohilo liliwafikia wenye sekondari, na hapo ndipo ugomvi ulipokuwa mkali, kwa kuwa mji uliopoteza sekondari ulipoteza pia timu, bendi na mishahara ya walimu iliyokuwa ikitumika katika maduka yake.

Makala haya yanaziweka shule hizo mbili kando kwa kando kwa ajili ya mtu anayepima udogo na ukubwa wa shule, awe mzazi au mjumbe wa bodi, na angependa kuona mfano uliokwisha kujaribiwa. Sitajishughulisha na majengo, kwa sababu picha za majengo hudanganya. Nitaangalia nani alifundisha nini, fedha za kumlipa zilitoka wapi, na ni mtoto wa namna gani aliyenufaika katika kila upande.

Nani alifundisha nini

Shule ndogo kwa kawaida ilikuwa na walimu saba hadi kumi kwa madarasa ya 9 hadi 12. Juu yao alikuwapo msimamizi, ambaye kwa cheo ndiye aliyekuwa mkuu wa elimu wa wilaya nzima, ingawa mara nyingi ungemkuta asubuhi akifundisha aljebra na mchana akipokea simu ya mzazi anayelalamika kwamba basi limemwacha mwanawe. Kocha alifundisha historia au biolojia, na usiku wa mechi pengine ndiye aliyeendesha basi la timu. Mwalimu wa Kiingereza alisimamia pia maktaba, mchezo wa kuigiza wa darasa la 11 na kitabu cha mwaka chenye picha za wanafunzi. Mwalimu wa bendi aligawana siku yake kati ya sekondari na shule ya msingi, akianza na watoto wa miaka kumi wasiojua kushika klarineti na kumaliza na vijana waliotakiwa kupiga muziki uwanjani Ijumaa jioni. Mtunza majengo alifika kabla ya mapambazuko wakati wa baridi kuwasha boila, na wavulana waliotaka kufanya mazoezi ya ziada walijua kwamba funguo za ukumbi ziko kwake.

Katika shule ya muungano kila mmoja alikuwa na kazi yake. Mwalimu wa kemia alifundisha kemia, mkutubi alikuwa mkutubi, na mlikuwa na muuguzi, mwalimu wa lugha ya kigeni na mshauri wa wanafunzi aliyekaa ofisini siku nzima akishughulikia ratiba, vyuo na kazi. Mwalimu aliyefundisha somo moja mara tano kwa siku alilijua vizuri zaidi kuliko yule aliyerukaruka kati ya masomo manne, hasa pale ambapo mawili kati ya hayo hakuyasomea, na shule ndogo ilimlazimisha mwalimu kufanya hivyo mara kwa mara kwa sababu saa za ratiba zilipaswa kujazwa na yeyote aliyekuwapo. Tena shule ndogo ilikuwa kituo cha kupitia. Kijana aliyetoka chuoni alifundisha miaka miwili, akajifunza kazi juu ya watoto wa mji huo, kisha akahamia kwenye mji mkubwa wenye mshahara mnono. Wanafunzi wa darasa la 12 waliweza kuwa wamebadilishiwa mwalimu wa hisabati mara tatu.

Hoja ya wenye kutaka ukubwa ilipata sauti yake kuu mwaka 1959. James Bryant Conant, mkemia aliyeongoza Chuo Kikuu cha Harvard kuanzia 1933 hadi 1953, alitoa ripoti yenye mapendekezo 21 kuhusu sekondari za umma. Mambo mawili ya ripoti hiyo ndiyo yaliyonukuliwa sana katika mikutano ya bodi: kwamba sekondari isiyotoa wahitimu walau 100 kwa mwaka haiwezi kutoa masomo yote yanayotakiwa kwa gharama inayovumilika, na kwamba shule iwe na mshauri mmoja wa muda wote kwa kila wanafunzi 250 hadi 300. Kwa shule yenye wanafunzi 120 kwa jumla, kipimo hicho kilikuwa hukumu.

Hesabu yake ilikuwa rahisi kufuata. Chukua shule hiyo ya wanafunzi 120. Darasa la 12 lina kama 30. Wakijitokeza sita wanaotaka fizikia, bodi italazimika kumlipa mwalimu saa nzima kila siku kwa ajili ya watoto sita. Dawa iliyotumika sana ilikuwa kuunganisha darasa la 11 na la 12, kisha kufundisha fizikia mwaka huu na kemia mwaka ujao. Mpango huo ulifanya kazi kwa mtoto aliyezaliwa na kukulia hapo. Lakini aliyehamia mji huo akiwa darasa la 12, katika mwaka wa zamu ya fizikia, alimaliza sekondari bila kugusa kemia. Lugha za kigeni zilikuwa na hali mbaya zaidi, maana Kilatini kilikufa siku mwalimu wake alipostaafu, na nafasi yake haikujazwa na Kifaransa wala Kihispania.

Kilimo, somo lililokuwa na mfuko wake

Kama ungeishia hapo, ungeichagua shule ya muungano bila kusita. Lakini masomo hayakugawanyika kwa ukubwa wa shule peke yake. Yaligawanyika pia kwa mkono uliolipa. Sheria ya Smith-Hughes ya mwaka 1917, iliyotiwa saini na Rais Woodrow Wilson, ilitoa fedha za serikali kuu kwa mafunzo ya kilimo, sayansi kimu na ufundi, kwa masharti kwamba jimbo au wilaya itoe dola kwa kila dola iliyopokelewa, na sheria ya George-Barden ya 1946 ikaongeza kiasi hicho. Matokeo yake yalikuwa ya kushangaza: mji wenye maabara ya kemia iliyokuwa meza mbili na sinki moja iliyoziba ulikuwa na karakana ya kilimo yenye mashine za kuchomelea, mizani ya mbegu na mwalimu aliyeajiriwa miezi kumi na miwili, wakati wenzake wa Kiingereza na historia walilipwa miezi tisa.

Mwalimu huyo wa kilimo anastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu hakuna mwalimu mwingine aliyefanana naye. Sheria ilitaka kila mwanafunzi wake afanye kazi ya vitendo shambani, chini ya usimamizi, kwa muda usiopungua miezi sita kwa mwaka. Kwa hiyo kijana alipewa ndama, nguruwe au kipande cha shamba la mahindi, akaweka daftari la gharama na mapato, na mwalimu akapita nyumba kwa nyumba wakati wa kiangazi kukagua. Alimjua baba wa kila mwanafunzi, alijua ng'ombe wa nani hawatoi maziwa ya kutosha, na jioni aliwafundisha wakulima wazima, wengi wao askari waliorudi vitani. Je, shule ya muungano ingeweza kuwa na mwalimu kama huyo? Ndiyo, hata wawili. Ila eneo lililopanuka mara nne lilimfanya atumie barabarani muda ambao zamani aliutumia zizini.

Pamoja na somo kulikuwa na chama cha wakulima wa baadaye, FFA, kilichoanzishwa Kansas City, Missouri, mwaka 1928. Koti lake la kodrai la buluu lenye maandishi ya dhahabu, lililoanza kutumika mwaka 1933, lilibeba jina la jimbo mgongoni na chini yake jina la mji. Mkutano ulifunguliwa kwa utaratibu usiobadilika: mwenyekiti husimama penye jua linalochomoza, makamu wake penye jembe la plau, katibu penye gunzi la mahindi, mlinzi mlangoni, na mwalimu kando ya bundi. Bundi huyo, ambaye kwetu akilia juu ya paa watu hawalali, pale ni alama ya hekima. Kijana mwenye haya aliyelazimika kusimama na kusema maneno yake mbele ya wenzake kila mwezi kwa miaka minne alitoka akijua kuendesha kikao, na katika shule yenye wavulana 25 wa kilimo nafasi ya kushika cheo ilikuwa kubwa. Wasichana hawakuruhusiwa kujiunga katika ngazi ya taifa hadi mwaka 1969.

Biashara, sayansi kimu na njia ya chuo

Wasichana walikuwa na milango miwili mikubwa. Wa kwanza ulikuwa sayansi kimu, nao ulilipiwa na fedha zilezile za serikali kuu: majiko yaliyopangwa kama jikoni za nyumbani, cherehani, bajeti ya familia, na chama chao kilichoundwa Chicago mwaka 1945. Katika somo hili sioni tofauti kubwa kati ya shule hizo mbili, zaidi ya idadi ya majiko.

Mlango wa pili ulikuwa biashara, na nadhani ndio uliokuwa na thamani kubwa kuliko watu wanavyoukumbuka. Hapa msichana wa miaka kumi na saba alijifunza kupiga chapa, utunzaji wa hesabu na hatimkato ya Gregg, na siku ya kuhitimu alikuwa na kazi ya kuombea. Chumba chenyewe kilikuwa na safu za taipureta, pengine zenye vitufe visivyo na herufi ili macho yabaki kwenye karatasi na si kwenye vidole, chati ya herufi ukutani, na mwalimu mwenye saa mkononi. Akisema "anza", kelele zilianza pamoja kama mvua juu ya bati. Akisema "acha", kila mmoja alihesabu maneno, akakata makosa, akaandika kasi yake. Karatasi za mitihani ya shule nzima zilichapwa na wanafunzi wa darasa hili kwenye stensili, au kwa mashine ile ya wino wa zambarau iliyoacha harufu ya spiriti mikononi. Shule ndogo ilimudu somo hili vizuri: mwalimu mmoja na taipureta ishirini zilitosha. Shule kubwa iliongeza mashine za kujumlisha na wakati mwingine mazoezi ofisini, na hayo yalikuwa nyongeza ya kweli kwa aliyetaka kwenda mjini, lakini hayakubadili msingi.

Pengo halisi lilikuwa kwenye njia ya chuo kikuu. Tarehe 4 Oktoba 1957 Wasovyeti walirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza angani, na chini ya mwaka mmoja baadaye, tarehe 2 Septemba 1958, Rais Eisenhower alitia saini sheria ya elimu kwa ulinzi wa taifa, iliyotoa fedha kwa sayansi, hisabati, lugha za kigeni na ushauri wa wanafunzi. Vifaa vilinunuliwa kwa kuchangiana, kwa hiyo wilaya iliyokwisha kuwa na maabara, mwalimu wa fizikia na mtu wa kuandika maombi ndiyo iliyofaidi kwanza. Msimamizi aliyefundisha aljebra asubuhi na kuhesabu tiketi za mechi usiku hakuwa na nafasi ya kujaza fomu. Kama mtoto wako alikuwa na kichwa cha uhandisi, nisingekushauri umwache katika shule ya wanafunzi 120 kwa mapenzi ya mji tu.

Baada ya kengele ya mwisho

Chukua kitabu cha mwaka cha shule ndogo ya enzi hizo na utazame kurasa za wahitimu. Chini ya kila picha kuna orodha ya shughuli na namba za miaka: bendi 1, 2, 3, 4, kwaya 2, 3, 4, mpira wa kikapu 1, 2, 3, 4, mchezo wa kuigiza 3, 4, gazeti la shule 4. Nimepekua vingi vya aina hiyo, na mara nyingi hata yule kijana aliyekaa pembeni mwa picha ya darasa ana mistari mitatu. Kisha fungua cha shule kubwa: wachache wana mistari minane, na wengi wana mmoja, au jina peke yake.

Hilo si jicho langu tu. Roger Barker na Paul Gump, waliokuwa na kituo cha utafiti katika mji mdogo wa Oskaloosa, Kansas, walichapisha mwaka 1964 uchunguzi wa sekondari 13 za mashariki ya jimbo hilo, ndogo kuliko zote ikiwa na wanafunzi 35 na kubwa kuliko zote 2,287. Waligundua kwamba shule kubwa ilikuwa na shughuli nyingi zaidi, lakini mwanafunzi wa shule ndogo alishiriki katika nyingi zaidi na alishika nafasi za dhamana mara nyingi zaidi, kwa sababu rahisi kwamba bila yeye mambo hayaendi: bendi ya watu 22 ikimkosa mpiga tromboni wake mmoja, kila mtu anasikia. Waliona pia kwamba kuongeza ukubwa wa shule maradufu kuliongeza aina za masomo kwa takriban asilimia 17 tu. Mjumbe wa bodi aliyeahidiwa kwamba wanafunzi mara mbili wataleta masomo mara mbili alipaswa kuisoma namba hiyo polepole.

Michezo ilionyesha jambo hilohilo waziwazi. Shule zilizokosa wavulana 11 wa futiboli ya Kimarekani zilipata njia mwaka 1934, pale mwalimu mmoja wa Nebraska, Stephen Epler, alipobuni mchezo wa watu sita kila upande. Huko Iowa, shule kubwa zilipoamua katika miaka ya 1920 kwamba mpira wa kikapu wa mashindano haufai kwa wasichana, wasimamizi wa shule za miji midogo waliunda chama chao mwaka 1925, na kwa miongo kadhaa binti wa mkulima alicheza fainali mbele ya umati mkubwa Des Moines wakati mwenzake wa mjini hakuwa na timu kabisa. Na wote wanaijua habari ya Milan, Indiana, shule ya wanafunzi 161 iliyoifunga Muncie Central 32–30 mwaka 1954 na kutwaa ubingwa wa jimbo, baada ya Bobby Plump kuushika mpira zaidi ya dakika nne katika robo ya mwisho ili wenye nguvu wasiuguse. Napenda habari hiyo kama mtu mwingine yeyote, lakini haifai kutumiwa kuchagulia shule. Kwa kila Milan moja kulikuwa na mamia ya shule ndogo zilizotolewa raundi ya kwanza.

Chakula kilikuwa jambo lisilotofautiana sana. Baada ya sheria ya 1946 ya chakula cha mchana shuleni, mlo kamili uliochangiwa na serikali ulikuwa na karibu robo lita ya maziwa, kipande cha nyama au kitu kinacholingana nayo, mboga au tunda, mkate na siagi, na wapishi walikuwa akina mama wa hapohapo. Katika shule ndogo mpishi alijua nani hakupata kifungua kinywa, na hilo halikuandikwa kwenye hesabu yoyote.

Waliochaguliwa bila kuulizwa

Ulinganisho wote huu unachukulia kwamba mzazi aliulizwa. Katika majimbo ya Kusini wazazi Weusi mara nyingi hawakuulizwa. Kabla na hata baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1954, iliyokataza kutenganisha watoto kwa rangi katika shule za umma, watoto wao walikuwa na shule zao, vyama vyao vya kilimo na sayansi kimu vilivyokuwa mbali na vile vya Wazungu hadi vilipounganishwa mwaka 1965, na walimu wao wenyewe, wengi wao wenye elimu nzuri kwa kuwa milango mingine ya kazi ilikuwa imefungwa. Kuunganisha shule kulipokuja, mara nyingi maana yake ilikuwa kuifunga shule ya Weusi: mkuu wake akashushwa kuwa msaidizi au mwalimu wa kawaida, na maelfu ya walimu wakapoteza kazi. Mtoto alipata maabara bora na akapoteza watu wazima waliomjua. Faida na hasara hizo haziwezi kuwekwa kwenye mizani ileile ninayoitumia kwa mji wa Iowa.

Kwa mzazi huyo wa Iowa, basi, nisingetoa jibu moja kwa kila mtoto. Mwenye kutaka uhandisi, udaktari au lugha za kigeni angepata katika shule ya muungano walimu ambao mji wake usingeweza kuwalipa. Mwenye kutaka kilimo au kazi ya ofisi hakuwa na sababu kubwa ya kuhama, kwa sababu masomo hayo mji mdogo uliyafundisha vyema. Na mtoto wa kawaida, asiye hodari sana wala mvivu sana, yule ambaye mabodi humsahau kwa kuwa hana wa kumsemea, ningembakiza katika shule ndogo, mradi mwalimu wa hisabati awe amekaa zaidi ya miaka miwili na kemia ifundishwe walau mwaka mmoja kati ya miwili.

Lakini kabla ya kupiga kura ningeuliza habari za basi. Mabasi ya manjano, ambayo rangi na viwango vyake vilikubaliwa katika mkutano wa New York mwaka 1939, ndiyo yaliyowezesha shule za muungano, na ratiba yake ndiyo iliyoamua nani atafaidi yaliyoahidiwa mkutanoni. Klabu ya sayansi, bendi na mazoezi vilianza baada ya kengele ya mwisho, wakati basi la kwanza lilikuwa tayari linaunguruma nje. Kama hakukuwa na basi la pili la saa kumi na moja na nusu jioni, mtoto wa shamba la mbali alipanda hilo la kwanza, akakaa dirishani akiwatazama watoto wa mji mwenyeji wakirudi ndani.